Anza na Chasisi: Kufufua Tela Kuukuu Liwe Chumba cha Safari

Tembea mitaa ya Songea, Lizaboni, Bombambili au Ruhuwiko, na uchungulie nyuma ya nyumba za watu waliowahi kuwa na gari. Mahali fulani utaliona tela dogo la magurudumu mawili, pua limeitumbukiza kwenye udongo, matairi yamekwisha, ndani yake yameota maboga. Enzi zake lilivutwa na Land Rover. Gari lilikufa, tela likabaki, na siku moja atapita kijana wa chuma chakavu kuuliza linauzwa kilo ngapi.

Nakuomba usimuuzie. Tela la namna hiyo, chasisi yake ikiwa haijaoza kupita kiasi, linaweza kugeuzwa chumba kidogo cha kulala watu wawili, chenye jiko mkiani, kinachovutwa na gari la kawaida hadi Mbamba Bay na kurudi. Mfanyabiashara anayefuata minada analihitaji. Analihitaji pia mkulima mwenye shamba la mbali kule Namtumbo au Madaba, anayelala wiki nzima porini wakati wa mavuno, na hata familia inayotaka kuona Ziwa Nyasa bila kulipia vyumba viwili vya gesti.

Umbo ninalokushauri lina historia. Wamarekani walianza kuunda matela haya majumbani kwao miaka ya 1930: mbele mviringo, nyuma yanateremka kama tone la maji, na mkia unafunguka kwenda juu kama mfuniko wa sanduku, chini yake kuna jiko. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mafundi wa mitaani kule waliyajenga kwa mabaki ya jeshi, magurudumu ya Jeep na bati za aluminiamu zilizokusudiwa ndege. Kipimo kilichozoeleka ni futi 4 kwa futi 8, sawasawa na ubao mzima wa plaiwudi. Ubao huohuo wa futi 4 kwa 8 unauzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Songea, kwa hiyo umbo hili linatufaa bila kupoteza mbao.

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, tazama kalenda. Mvua za Songea huanza kuelekea mwisho wa Novemba na hukata mwishoni mwa Aprili. Kazi ya chuma ianze Mei. Mahindi hukauka na kuuzwa kuanzia Julai, na kwa wengi wetu hapo ndipo fedha ya plaiwudi, bati na matairi hupatikana. Basi mpango wenyewe umekwisha kujipanga: Mei na Juni vua, kata na chomelea, kwa kuwa kazi hiyo inakula jasho kuliko fedha. Agosti na Septemba jenga mwili. Oktoba funga umeme na ulijaribu barabarani. Anayeanza Oktoba atapaka rangi chini ya mawingu, na atairudia mwakani.

Karatasi kwanza. Tela nchini husajiliwa peke yake, lina kadi yake na namba yake, tofauti na gari linalolivuta. Ukinunua, dai kadi au walau hati ya mauziano iliyoshuhudiwa, kisha ulizia TRA hali ya usajili wake kabla hujalipa fedha yote. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chasisi, mara nyingi karibu na mikono ya kuvutia. Ukishaiona, ipige picha, isugue kwa mkono na kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu ifunike kwa selotepu ngumu mpaka mwisho wa kazi. Usiruhusu grainda isogee hapo. Chasisi iliyofutika namba itakusumbua kwa trafiki na kwa kila atakayetaka kulinunua tela hilo baadaye.

Kulivua nguo

Ng'oa kila kitu: ubao wa sakafu, pembeni, taa, nyaya, mabawa ya matairi, springi, ekseli. Nati zilizoshikana zimwagie dizeli usiku, zigonge kidogo asubuhi, zimwagie tena. Ikishindikana, kata kwa grainda ununue mpya. Bolti ni bei ndogo, mguu wa springi ulioupasua kwa kulazimisha si bei ndogo. Piga picha kila hatua ya kufungua, hasa jinsi springi zilivyokaa na upande upi wenye sheko.

Rangi ya zamani iogope. Rangi nyingi za miaka hiyo zina risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi ya wote. Usiisugue kavu uani mahali wanapochezea. Lowesha, vaa barakoa inayobana, kusanya ganda lote kwenye turubai, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Sasa chasisi iko uchi, iweke juu ya stendi nne au matofali yaliyosawazishwa kwa pima maji. Chukua nyundo ndogo, igonge kila baada ya sentimita kumi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayokwenda mbali. Chuma kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti ya debe lenye mchanga. Penye sauti hiyo chokonoa kwa bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki. Kagua zaidi mahali pale mikono ya kuvutia inapokutana na boriti ya mbele, chini ya mabano yanayoshika springi, na ncha za kila bomba la mraba. Bomba la mraba linaoza kutokea ndani, kwa kuwa maji huingia yasiweze kutoka. Ukiona nje kuna malengelenge ya rangi, jua ndani pamekwisha.

Tela la kwanza nililolishika nilikosea hapa. Nilisugua kutu ya juu kwa brashi ya waya, nikapaka rangi ya kung'aa, watu wakalisifia. Masika mawili baadaye bano la springi liling'oka barabarani pamoja na kipande cha boriti, na tela likalalia tairi. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sipaki rangi juu ya chuma ambacho sijakisikia kwa nyundo.

Sehemu iliyooza huikati kwa kufuata ukingo wa tundu. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote, kisha weka kiraka cha unene uleule, kwa matela mengi haya ni milimita 3. Kiraka kinene kuliko chuma kinachozunguka hakisaidii: nguvu yote hukusanyika ukingoni mwake na mpasuko mpya huanzia hapo. Mwambie fundi akikate kiraka ncha zake zichongoke, kama jani, ili weldi isipite wima kukatisha boriti. Achomelee vipande vifupi vya sentimita tatu au nne, ahame upande wa pili, arudi. Akichomelea mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, joto litaivuta chasisi na utapata tela lililopinda.

Uliza pia juu ya vijiti vya kuchomelea. Vya 6013 vinatosha kazi nyepesi na vinapatikana kila duka. Kwa mabano ya springi na mikono ya kuvutia, omba 7018, vina nguvu zaidi, ila havitaki unyevu hata kidogo. Pakiti iliyofunguliwa masika ikakaa wazi dukani imekwisha kunywa maji, na weldi yake itakuwa na vitundu kama mkate. Kwa kazi hii mtafute fundi aliyefundishwa. VETA wapo mjini, SIDO wapo, na karakana za misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898 magharibi mwa mji, zimewafundisha vijana wa Ruvuma useremala na ufundi chuma kwa vizazi kadhaa. Wazee wengi walioshika nyundo hapa Songea watakuambia walianzia huko.

Baada ya kuchomelea, pima mishazari: kamba kutoka kona hadi kona, kisha kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kona za chasisi ni za mraba. Halafu toboa tundu la milimita 10 upande wa chini wa kila bomba, kwenye ncha zote mbili, ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea. Tundu hilo dogo lina faida kuliko kopo zima la rangi.

Rangi yenyewe: safisha kwa msasa, futa mafuta kwa tina, paka redoksaidi mikono miwili, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Juni na Julai hapa kwetu ni baridi, na asubuhi chuma kina umande ambao jicho halioni. Rangi iliyopakwa saa mbili asubuhi juu ya umande huo hubanduka yenyewe. Paka kati ya saa nne na saa tisa alasiri, uache ikauke kabla ya jua kuzama.

Magurudumu, mahali pa kutobania fedha

Ukitaka kuokoa, okoa kwenye kabati na mapazia. Ekseli, beringi na matairi ndivyo vitakavyokuacha njiani.

Kwanza hesabu nati za gurudumu. Rimu za Land Rover za zamani zina nati 5. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zina nati 6. Kama gari lako ni Hilux, badilisha habu za tela ziwe za Hilux, ili tairi moja la akiba litumike kote, kwenye gari na kwenye tela. Ni gharama mwanzoni, lakini fikiria umepata pancha saa moja usiku kati ya Mbinga na ziwani, na tairi la akiba ulilobeba halikubali.

Beringi mpya zipake grisi kwa kiganja: weka donge mkononi, ikandamize beringi ukingoni mwa donge hadi grisi itokee juu kati ya gololi zake ndefu, zungusha, rudia mpaka duara lote lijae. Kupaka kwa nje tu ni kujidanganya. Sili iwe mpya kila mara. Kaza nati ya ekseli huku ukizungusha habu mpaka uhisi uzito, ilegeze robo mzunguko, kisha ikaze kwa vidole tu na upitishe pini ya kufungia. Gurudumu lizunguke bila kukwaruza, na ukilitikisa juu na chini licheze kidogo sana, chini ya unene wa karatasi.

Springi zina siri ambayo mafundi wengi hawaisemi. Tela la mizigo lilitengenezewa kubeba magunia. Chumba chako kitakuwa chepesi mno kwa springi zile, na tela litarukaruka kwenye kila tuta mpaka viungo vya mbao vifunguke. Punguza majani, idadi sawa kushoto na kulia, ubakize jani kuu na yale yanayolibeba, halafu pakia uzito utakaokuwepo uone springi inavyokaa. Inatakiwa ilale kidogo, isinyooke kabisa.

Unapoirudisha ekseli, funga uzi kwenye pete ya kuvutia, upime hadi ncha ya kushoto ya ekseli, kisha ya kulia. Mimi siridhiki tofauti ikizidi milimita 5. Ikizidi, tela litakwenda upande kama kaa na kula matairi.

Halafu uzito wa pua. Tela lililojengwa likabaki jepesi mbele huanza kuyumba mkiani ukifika kilomita 70 kwa saa, na likishaanza, dereva mgeni hukanyaga breki na mambo huharibika. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote iegemee kwenye ndoano ya gari. Kupima si shida katika mkoa wa mahindi: azima mizani ya magunia. Pima tela zima, kisha pima pua peke yake ikiwa usawa wa ndoano. Tela la kilo 400 lilalie ndoano kwa kilo 40 hivi. Ikipungua, sogeza ekseli nyuma au hamisha betri na maji mbele. Fanya hivyo kabla ya kupiga bolti za mwisho, na kadiria uzito wa jiko na vyombo vitakavyokaa mkiani.

Matela haya mengi hayana breki. Ulaya tela lisilo na breki huwekewa ukomo wa kilo 750 pamoja na mzigo, na gari linalolivuta liwe na uzito wa mara mbili au zaidi. Jiwekee ukomo huohuo.

Mwili

Sakafu iwe plaiwudi ya milimita 18, kuta milimita 12. Fremu ya chini inayogusana na chasisi iwe ya mninga: haichezi sana kwa unyevu na mchwa hawaipendi. Mbavu za juu tumia paini iliyokauka, nyepesi, ile inayoshuka kutoka mashamba ya Sao Hill. Dai risiti ya mbao zako. Kati ya chasisi na mbao laza vipande vya tyubu kuukuu; mpira huo huzuia maji kukaa na hunyamazisha milio.

Angalia mtego wa godoro. Godoro la nne kwa sita lina futi 4 kamili. Ukijenga tela la futi 4 kwa nje, unene wa kuta utakula nafasi na godoro halitaingia. Simamisha kuta nje ya ukingo wa sakafu, siyo juu yake, upate futi 4 kamili ndani. Nimeona watu wakikata godoro jipya kwa kisu kwa sababu ya hesabu hii.

Chora umbo la ubavu mmoja kwenye plaiwudi kwa msumari, kamba na penseli, kata, kisha tumia ubavu huo kama kielelezo cha wa pili. Mgongo wa juu unaopinda usilazimishe ubao mnene. Tumia plaiwudi ya milimita 3, tabaka mbili zilizogundishwa. Lowesha upande wa nje kwa maji ya moto, pinda taratibu, ifunge kwa kamba za mpira usiku kucha. Kingo zote za plaiwudi hunywa maji kama utambi. Zipake vanishi mara tatu kabla hazijafunikwa.

Juu funika kwa bati la aluminiamu. Kipande cha mbele kilalie cha nyuma, kwa kuwa ukiwa mwendoni mvua inatoka mbele. Tumia ribiti za aluminiamu, na popote bati linapokutana na chuma cha chasisi weka mpira au rangi nzito katikati, la sivyo metali hizo mbili zitalana zikilowa. Mlango uwe na bawaba upande wa mbele, ili kitasa kikifunguka upepo uufunge badala ya kuung'oa.

Toboa matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu upande wa pili, yawe na wavu na yasiwe na mfuniko wa kuyaziba. Madirisha nayo wavu, maana kandokando ya ziwa mbu ni wengi kuliko huku juu. Na hapa nisikilize vizuri. Usiku wa Julai Songea baridi inauma, na desturi ya kuingiza jiko la mkaa ndani tunaijua sote. Ndani ya chumba cha futi 4 kwa 8, jiko la mkaa huua watu waliolala, bila moshi wala harufu. Jiko likae nje, chini ya mfuniko wa mkia, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Baridi ipigwe kwa blanketi.

Kabati, rafu na taa za ndani fanya upendavyo. Kumbuka tu kila kilo unayoongeza iko juu ya springi ulizopunguza.

Umeme na safari ya kwanza

Plagi ya tela yenye pini 7 ina rangi zilizozoeleka, na fundi anayezifuata atakurahisishia kila matengenezo ya baadaye: njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ya nyuma kushoto, kahawia taa ya nyuma kulia, nyeupe ethi. Ya bluu ni ya taa ya ukungu. Waya mweupe uupeleke hadi kila taa. Usitegemee chasisi kuwa ethi, kwa kuwa kutu na rangi vitaukata na taa zitaanza kuwaka kwa kupokezana. Weka riflekta nyekundu nyuma na nyeupe mbele. Nyororo mbili za usalama zipishane chini ya pua, ziweze kuipokea ndoano ikichomoka.

Safari ya kwanza isiwe ndefu. Nenda Peramiho, kilomita 24 hivi, simama, shika kila habu kwa mkono. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikuchoma, nati ya ekseli imekazwa mno, ilegeze palepale. Kaza nati za magurudumu, kisha zikaze tena baada ya kilomita 50. Ukirudi mwagia tela maji ya mpira dakika kumi toka mbele, ingia ndani na tochi, utafute tone.

Wiki inayofuata nenda Mbinga, na kutoka hapo kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay. Mteremko wa kushukia ziwani ni mrefu na wenye kona. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, usisubiri tela likusukume. Lisipoyumba pale, halitayumba popote mkoani.

Na kama fedha ya kazi hii huna mwaka huu, fanya jambo moja wiki hii, kabla mvua hazijarudi. Nyanyua lile tela lililolala nyuma ya nyumba yako, liweke juu ya mawe manne, pua ikiwa chini kidogo maji yapate kutiririka, na ung'oe udongo wote uliogandamana chini ya mabano ya springi. Litakungoja.